Nikubali laki tatu na nusu Kariakoo, au niendelee kusubiri?

Shikamoo Shangazi,

Nasoma safu yako kila wiki, leo nimeona na mimi nikuandikie maana nyumbani hatuelewani kabisa.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi na wazazi wangu Mbagala. Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka 2023 na mpaka leo sijapata kazi ya kueleweka. Nimejisajili Ajira Portal, mfumo wa kuomba kazi za serikali, kila tangazo la mhasibu likitoka naomba. Nimewahi kuitwa kwenye usaili wa kuandika, tunajaa ukumbi mzima kugombea nafasi chache, na sijawahi kuvuka hadi mahojiano. Niko pia kwenye magrupu ya WhatsApp ya ajira. Mwanzoni nilikuwa nazunguka na bahasha ya kaki Posta na Barabara ya Nyerere. Walinzi wanapokea barua getini, wanasema utapigiwa, inaishia hapo. Mama aliposhindwa kunipa nauli nikaacha kuzunguka. Sasa natuma kwa simu tu, bando likiwepo.

Juzi jirani yetu alinipeleka kwa tajiri mmoja Kariakoo mwenye duka la jumla la vifaa vya umeme. Anataka mtu wa kushika vitabu, kuangalia stoo na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Aliniuliza maswali machache, halafu akasema, "Unataka mshahara kiasi gani?" Nikamjibu, "Wewe tu bosi, utakavyoona." Akasema laki tatu na nusu, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Mkataba tutaongea baada ya miezi mitatu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi nimjibu.

Shangazi, mimi nilijiwekea kwamba sifanyi kazi chini ya laki nane. Kuna wenzangu niliosoma nao wako benki, wanalipwa vizuri. Nauli na chakula cha mchana tu vitanila kama shilingi 4,000 kwa siku, na deni la Bodi ya Mikopo linanisubiri. Baba anasema mchagua nazi hupata koroma, nikamate hiyo hiyo. Mama anasema subira huvuta heri, nikishazoea kuhesabu nyaya na swichi nitasahau uhasibu na hakuna ofisi itakayoniangalia. Kaka yangu ndiye ameniumiza zaidi. Anasema watu kama sisi tunaokubali chochote ndio tunaoshusha mishahara ya wote.

Nani yuko sahihi? Na nikikubali, halafu nikaitwa serikalini muda mfupi baadaye, si nitakuwa nimemtenda vibaya huyu tajiri na kumwaibisha jirani aliyenipeleka? Nimekuambatanishia CV yangu.

Mhitimu, Mbagala

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimesoma barua yako, na CV yako nimeisoma yote, kurasa nne. Naanza na jibu kwa sababu tajiri anasubiri: kazi hiyo ichukue, lakini rudi kwanza mkazungumze upya mshahara na masharti, na ukishaingia usiache kutafuta. Sababu zake ni ndefu kidogo, nivumilie.

Baba na mama wanabishana juu ya namba moja tu: mshahara ambao ukipewa chini ya hapo, unakataa. Wachumi wamekaa na namba hiyo zaidi ya miaka 50. Mwaka 1970 Mmarekani John McCall aliionyesha kwa hesabu, na kilichotoka kwenye hesabu yake ni kwamba namba hiyo haina uhusiano na ukubwa wa cheti chako wala na mshahara wa rafiki yako wa benki. Inategemea ofa zinakufikia mara ngapi, zinapishana kiasi gani, na kila mwezi unaosubiri unakugharimu nini. Anayepata ofa kila baada ya wiki chache anaweza kukataa ndogo bila hofu, maana nyingine iko njiani. Wewe tangu 2023 hii ndiyo ofa yako ya kwanza. Laki nane ni namba ya mtu mwenye ofa nyingi, na kwa jinsi unavyotafuta sasa, wewe bado si mtu huyo.

Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme unaikataa hii, na baada ya miezi sita unapata kazi ya laki tano. Miezi hiyo sita umeacha mezani shilingi 2,100,000. Kazi mpya inakuzidishia 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo utahitaji miezi 14 ya kufanya kazi ndipo urudi pale ambapo ungekuwa ungeanza Kariakoo sasa. Na hapo nimekupa miezi sita tu, wakati rekodi yako mwenyewe inasema muda ni mrefu zaidi.

Mama ana hoja moja ya kweli, kwamba kazi ndogo inaweza kukufunga. Nitaifikia. Ila subira anayoisifu nayo ina bei. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mmoja wa Marekani ambao watafiti walituma maelfu ya maombi ya kazi ya kubuni, yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa muda mwombaji aliokaa bila kazi. Kadiri muda huo ulivyokuwa mrefu, ndivyo waajiri walivyopiga simu kwa uchache, na sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokea ndani ya miezi minane ya mwanzo. Kule si kwetu, najua. Lakini fikiria swali litakaloulizwa kwenye usaili wowote hapa Dar: "Tangu 2023 ulikuwa unafanya nini?" Duka la jumla linatoa jibu. Kukaa nyumbani na simu hakutoi.

Sasa tuje kwenye ile sentensi yako, "Wewe tu bosi, utakavyoona." Naielewa. Umelelewa vizuri, na mbele ya mtu mzima aliyekupa nafasi kutaja bei unaona kama utovu wa adabu. Lakini pale ndipo mshahara wako ulipoamuliwa, na aliyeuamua hakuwa na sababu yoyote ya kuupandisha. Alijua umeletwa na jirani, umekaa muda mrefu, huna ofa nyingine. Mchumi Peter Diamond alionyesha mwaka 1971 jambo la kusikitisha kuhusu soko la bidhaa: ikiwa kila mnunuzi inamgharimu kidogo tu kwenda kuuliza bei duka la pili, na wauzaji wote wanajua hivyo, maduka yote yanaweza kuishia kwenye bei ya juu ileile kana kwamba kuna muuzaji mmoja. Hawahitaji hata kukaa kikao. Inatosha kila mmoja ajue kwamba mteja amechoka kutembea. Geuza upande wa kazi, matokeo yake ni mishahara yote kukaa chini, hata kama waajiri ni wengi. Diamond, pamoja na Dale Mortensen na Christopher Pissarides, walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2010 kwa kazi zao juu ya masoko ambamo watu na nafasi lazima watafutane.

Nini kinavunja hali hiyo? Mortensen na mwenzake Kenneth Burdett walilijibu hilo kwenye kazi yao ya 1998: watu walio kazini ambao bado wanatafuta. Mwajiri akijua kwamba mfanyakazi wake anaweza kusikia ofa ya jirani na akaondoka, inabidi apime kati ya kulipa kidogo na kupoteza watu kila mara, au kulipa zaidi na kubaki nao. Ndiyo maana watu wawili wenye cheti kimoja na bidii ileile wanaweza kulipwa tofauti sana mtaa mmoja. Mmoja yuko kwa tajiri aliyezoea watu wanaotulia, mwingine yuko kwa tajiri aliyekwisha kuachwa kwenye mataa na mhasibu mzuri.

Kwa hiyo kabla hujarudi kwake, fanya kitu ambacho ungekifanya bila kuambiwa kama ungekuwa unanunua kitenge palepale Kariakoo. Hulipi duka la kwanza. Unapita la pili na la tatu, unauliza, unashika kitambaa, ndipo unarudi na bei kichwani. Nenda siku moja, asubuhi kabla wateja hawajawa wengi, uongee na vijana wanaoshika vitabu kwenye maduka mengine ya jumla: vifaa vya umeme, mabomba, vipuri vya pikipiki. Usiulize "unalipwa shilingi ngapi", watakuficha. Uliza "mtu wa kazi kama yako anaanzia kiasi gani mitaa hii?" Watakuambia.

Halafu jua laki tatu na nusu ni kiasi gani hasa. Ukiajiriwa kwa utaratibu, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, inakatwa asilimia 10 upande wako, yaani 35,000, na yeye anaweka nyingine kama hiyo. Bodi ya Mikopo ni asilimia 15, yaani 52,500. Kodi ni 3,600 hivi. Unabaki na 258,900. Toa 4,000 zako za nauli na chakula kwa siku 26, inabaki chini kidogo ya 155,000. Hesabu hiyo hiyo kwenye laki nne na nusu inakuachia kama 223,000. Ukimwomba laki nne na nusu akaishia laki nne, umeshapata kitu ambacho "utakavyoona" haikukupa.

Mwambie hivi, kwa adabu yako yote: "Bosi, nimefikiria, kazi naitaka. Kwa kazi ya vitabu, stoo na ritani za VAT, naomba tuanzie laki nne na nusu." Kisha nyamaza. Usijazie kimya kwa kujipunguza mwenyewe. Akisema hawezi, hamia kwenye masharti, na kwako masharti yana uzito kuliko hiyo laki moja, maana ndiyo yatakayojibu hofu ya mama.

La kwanza ni karatasi. Kusubiri miezi mitatu ndipo muongee mkataba si sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi unapoanza. Kipindi cha majaribio anaweza kuweka, lakini kiwe ndani ya maandishi hayo. Na katika karatasi hiyo cheo kiandikwe mhasibu msaidizi. Akiandika "muuzaji" au "msaidizi wa duka", utakuja kulieleza hilo kwenye kila usaili.

La pili ni muda. Kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili, ukitoa saa ya mapumziko, ni saa 9 kwa siku, na kwa siku sita ni saa 54. Kiwango cha kawaida kisheria ni saa 45 kwa wiki, zinazozidi ni saa za ziada na zinalipwa mara moja na nusu. Jumamosi Kariakoo ni siku ya biashara, hatakuachia, na sikushauri uanze kazi kwa kumsomea tajiri vifungu. Itumie kama njia ya kuomba: badala ya kudai kila saa ya ziada, akupe asubuhi moja katikati ya juma, kila baada ya wiki mbili, ya kushughulikia mambo yako. Hiyo ndiyo asubuhi ya usaili. Kazi inayokula kila saa yako ya mchana ndiyo inayomfunga mtu, na mshahara mdogo peke yake haufungi hivyo. Akikataa hata hilo, na mkataba akakataa, na mshahara akakataa, basi hapo namruhusu mama ashinde.

Na nikuambie kwa nini duka hilo si dogo kwa mhasibu. Kila jioni utatoa ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku, kwenye EFD na kuilinganisha na fedha taslimu na zilizoingia kwa lipa namba. Kila mwezi kuna ritani ya VAT inayotakiwa kufika TRA kabla ya tarehe 20 kupita. Kuna mizigo iliyoingia kwa bei tofauti na lazima ujue thamani ya stoo, kuna wateja wa mikoani wanaokopa, na kuna vocha ambazo mtu alisahau kuandika. Kijana aliyeingia benki akakaa dirishani kuhesabu noti hatagusa nusu ya hayo katika mwaka wake wa kwanza. Ukiongeza mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA, ambayo ina awamu ya Mei na ya Novemba, baada ya muda si mrefu utakuwa na kitu cha kuuza ambacho leo huna.

Sasa kutafuta kwenyewe, maana hapa ndipo ninapotaka tukae.

Ulipoacha kuzunguka kwa sababu ya nauli, hukuwa mvivu. Ndivyo inavyotokea kwa wengi, na kuna mji mwingine wa Afrika ambako jambo hilo limepimwa vizuri. Addis Ababa, Ethiopia, watafiti waliwachukua vijana wanaoishi mbali na katikati ya mji na kuwagawa. Baadhi walilipiwa nauli waende mjini kutafuta kazi. Wengine walipewa mafunzo mafupi ya kuandika CV na kujieleza kwenye usaili, wakapimwa ujuzi wao na kupewa cheti cha matokeo. Kwa muda mfupi makundi yote mawili yalipata kazi rasmi kwa wingi zaidi. Miaka minne baadaye faida ya nauli ilikuwa imefifia, wakati waliojifunza kuonyesha wanachokijua walikuwa wanapata kipato kikubwa zaidi na wanadumu kazini zaidi. Nauli inakufikisha getini. Kinachokuvusha geti ni mwajiri kuona kwa macho yake kwamba unaweza.

CV yako, mwanangu, haimwonyeshi. Ukurasa wa kwanza wote ni jina, dini, shule ya msingi, na maneno "mchapakazi, anayejituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Kila CV inayofika kwenye meza yoyote ina maneno hayo. Halafu kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, umeandika kwa mstari mmoja kwamba ulipokuwa field kwenye SACCOS uliandaa orodha ya mikopo iliyochelewa na kukuta malipo yaliyoingizwa kwenye akaunti za wanachama wengine. Chini yake, kwenye "mengineyo", umesema unashika vitabu vya VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya mama yako. Mistari hiyo miwili ndiyo CV yako! Ipandishe juu kabisa, ieleze kwa sentensi nne tano: wanachama wangapi, fedha kiasi gani zinapita, kosa gani uligundua na lilirekebishwaje. Shule ya msingi iondoe. Kurasa mbili zinatosha.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa VICOBA na kwa msimamizi wako wa field, uwaombe kila mmoja barua fupi ya kueleza ulifanya nini na kwa uaminifu gani. Afrika Kusini walijaribu jambo hilohilo: maombi yaliyoambatanishwa na barua ya mtu aliyewahi kumsimamia mwombaji yalipigiwa simu kwa asilimia 60 hivi zaidi ya yasiyo na barua, na walionufaika zaidi walikuwa wanawake. Karatasi moja. Kwetu watu wanaweka majina ya wadhamini watatu mwishoni mwa CV, mmoja wao mchungaji au shehe, na hakuna anayewapigia.

Umesema pia unatuma kupitia magrupu. Hayo yana watu maelfu wanaoona tangazo lilelile dakika ileile. Zamani kidogo, mwaka 1974, Mark Granovetter alichapisha utafiti wake kuhusu wanaume wataalamu wa mji wa Newton, Massachusetts, jinsi walivyopata kazi zao. Kati ya waliopata kupitia mtu, wachache walikuwa wanaonana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walikuwa wanaonana naye mojamoja, na zaidi ya robo nadra sana. Sababu iko wazi ukiifikiria: ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Anayejua nafasi usiyoisikia ni yule mliyesoma naye diploma akahamia Mwanza, afisa wa SACCOS ya field, wakala anayemletea tajiri wako mzigo. Hata hii ya Kariakoo imekuja kwa jirani, haikutoka kwenye grupu. Ukiwa dukani, watu wa namna hiyo watapita mbele yako kila siku.

Ajira Portal usiiache. Endelea kuomba, tena usome maswali ya usaili wa kuandika kwa utaratibu, kwa sababu hapo ndipo unapokwamia. Lakini iwe mlango mmoja kati ya mitano. Ongeza kampuni za ukaguzi wa hesabu, zikiwemo ndogo za ghorofani ambazo hazitangazi, ofisi za kuandaa ritani za wafanyabiashara, shule binafsi, hospitali binafsi, kampuni za kutoa mizigo bandarini. Edinburgh, huko Uskoti, watafuta kazi walionyeshwa kwenye kompyuta aina nyingine za kazi ambazo watu wenye ujuzi kama wao hufanya. Waliokuwa wakiomba aina moja tu ya kazi walianza kuitwa kwenye usaili mara nyingi zaidi. Na wewe umekuwa ukitafuta neno "mhasibu" peke yake.

Jambo moja nakuonya. Uganda kulikuwa na vijana waliofundishwa ufundi wakiwa na matumaini makubwa mno. Baadhi yao wakaahidiwa kuunganishwa na waajiri, simu zilizorudi zikawa chache, wakakata tamaa: wakashusha matarajio, wakapunguza kutafuta, na miaka kadhaa baadaye walikuwa kwenye kazi mbaya kuliko wenzao waliofundishwa bila kupewa ahadi hiyo. Ukimya wa waajiri haukupimi wewe. Walinzi wa Posta hawajui kama unajua kulinganisha hesabu za benki. Na takwimu pia zinawasahau waliokata tamaa: kwa kipimo cha kimataifa, asiye na kazi huhesabiwa hivyo pale tu anapoitafuta kwa vitendo. Tanzania tuna kipimo chetu cha kitaifa kinachowaingiza na walio tayari kufanya kazi ingawa wameacha kuitafuta, na mimi naona hicho ndicho cha kweli zaidi kwa mitaa yetu.

Sasa kaka. Ana nusu ya ukweli, na kaiweka mahali pabaya. Mtu kukubali laki tatu na nusu hakushushi mishahara ya wengine. Kinachoishusha ni wote kukubali na kisha kunyamaza, kila mmoja akiamini kwamba anacholipwa ndicho wanacholipwa wote. Ujerumani watafiti waliwauliza wafanyakazi wangepata kiasi gani wakihama. Wa mishahara midogo walidhani wangepata kama walichonacho, na walikosea. Watafiti wale wakakadiria kwamba kama wangejua ukweli, angalau asilimia 10 ya ajira, nyingi zikiwa kwenye kampuni zinazolipa vibaya, zisingeweza kuendelea kwa mishahara ile. Kwa hiyo mwambie kaka kwamba utakachofanya kwa ajili ya wenzako ni kuwaambia unalipwa kiasi gani, na kuondoka siku ukipata bora. Kukaa nyumbani hakumpandishii mtu mshahara.

Sitakudanganya vilevile kwamba kutafuta vizuri kunazalisha ajira. Ufaransa waliwasaidia wahitimu wasio na kazi kwa ushauri wa karibu, wakapata kazi mapema zaidi, lakini sehemu ya kazi hizo zilikuwa zinatoka mikononi mwa wenzao wa maeneo hayohayo ambao hawakusaidiwa, hasa pale ambapo nafasi zilikuwa haba. Ukumbi uliojaa watu kwa nafasi chache hautapungua kwa CV nzuri. Hilo ni la serikali na wenye mitaji, na tutaendelea kulisema kwenye ukurasa huu. Ila kati ya watu walio ukumbini, wewe usiwe yule asiyeonekana.

Mwisho, tajiri na jirani. Ukiitwa serikalini au kwingine, unatoa taarifa ya maandishi. Ukishavuka mwezi wa kwanza na unalipwa kwa mwezi, sheria inakutaka utoe taarifa ya siku 28, na ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Tumia siku hizo kukabidhi: hesabu ya stoo iliyosainiwa, orodha ya wadaiwa, nywila za mifumo ya TRA, na ritani ya mwezi ikiwa imeshatumwa. Jirani mwambie kabla tajiri hajamwambia. Kisha umwombe tajiri cheti cha utumishi, ambacho kisheria anatakiwa kukupa, na barua kama ile ya VICOBA. Matajiri wa Kariakoo wameachwa na wafanyakazi wengi, na wengine waliondoka na funguo za stoo. Anayeondoka akiwa amefunga vitabu wanamkumbuka, na baadhi yao huja kumtafuta kwa kazi za hesabu za mwisho wa mwaka, zinazolipwa pembeni.

Niandikie ukishaongea naye, uniambie alisema nini kuhusu laki nne na nusu.

Shangazi